Nati Imekubali, Uzi Umekataa

Chukua bolti ya inchi 3/8 yenye uzi mwembamba wa Kiingereza, iliyotoka kiwandani Solihull pamoja na Land Rover ya mwaka 1959. Isafishe, ipake oili kidogo, kisha itafutie nati ndani ya lile kopo la rangi ambalo kila gereji hulitunza chini ya meza. Ukiibuka na nati ya Toyota ya milimita 10, ile ya uzi mwembamba, itaingia. Itaingia kwa vidole, bila spana, mpaka chini. Fundi atasema, "Imekubali hiyo, mzee."

Haijakubali. Bolti ina unene wa milimita 9.525, nati imechongewa bolti ya 10. Umbali wa kutoka uzi hadi uzi kwenye bolti ni milimita 1.27, kwenye nati ni 1.25, tofauti ambayo mkono hauwezi kuihisi. Kwa hiyo nati hupanda kimya kimya huku ikishika ncha tu za uzi wa bolti. Ikiwa inafunga kioo cha pembeni, hakuna atakayejua mpaka siku ya Kiyama. Ikiwa inafunga springi, itajulikana siku gari limepakia magunia ya viazi na linashuka mlima Kitonga.

Anayefufua gari la zamani huhangaika sana na bolti zenye kutu. Kutu inaonekana, inakwangua mkono, inalazimisha moto na nyundo, hakuna anayeidharau. Bolti ya kuogopwa ni ile inayokaribia kufaa. Land Rover za Series, hasa zile pikapu ndefu za inchi 109 ambazo zilibeba kila kitu katika nchi hii kuanzia mbegu za pamba hadi wapiga kura, zimejaa nafasi za kosa hilo kuliko karibu gari lolote lingine unaloweza kulikuta limekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba ya mtu. Sababu yake ni ya kihistoria, na inafaa kuijua kabla ya kushika spana.

Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth wa Manchester alikusanya skrubu kutoka karakana mbalimbali za Uingereza, akatafuta wastani wake, akapendekeza uzi mmoja kwa wote, wenye pembe ya digrii 55 na ncha za mviringo. Huo ndio uzi tunaouita Whitworth, BSW kwa kifupi. Mwaka 1908 ukapata ndugu mwembamba, BSF, mwenye pembe ileile. Wamarekani walikuwa wameshakwenda njia yao: mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alitoa uzi wa digrii 60 wenye ncha bapa, rahisi zaidi kuchonga. Hali ikaendelea hivyo mpaka Vita Kuu ya Pili ilipoonyesha hasara yake, pale majeshi yaliyopigana upande mmoja yalipojikuta hayawezi kuazimana bolti. Tarehe 18 Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini mjini Washington kukubali uzi wa pamoja wa digrii 60, ambao una sura mbili: UNC kwa uzi mnene na UNF kwa uzi mwembamba.

Sasa tazama kalenda. Land Rover ilizinduliwa katika maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili mwaka huohuo wa 1948. Lilizaliwa Mwingereza wa zamani, likakua wakati nchi yake inahamia uzi wa pamoja, na lilipofika uzeeni Uingereza ikawa imeshatangaza, mwaka 1965, kwamba inaelekea kwenye milimita. Kiwanda hakikubadilisha kila kitu kwa usiku mmoja. Kilibadilisha kipande kimoja kimoja, kila kilipochora upya sehemu fulani. Kwa jumla Series I ni nchi ya BSF na BSW. Series II ya 1958 na IIA ya 1961 ni mchanganyiko. Series III, iliyoanza 1971, imejaa UNF, ila ukifungua giaboksi utakutana tena na babu Whitworth amekaa palepale. Vifaa vidogo vya umeme na saa za dashibodi vina ukoo wao wa pekee, BA, wenye pembe ya digrii 47 na nusu, ambao ajabu yake ni kwamba Waingereza waliuchora kwa milimita tangu mwaka 1884.

Juu ya hayo yote ongeza miaka hamsini ya mafundi wetu. Gari lililopita Mbeya, Kigoma na Mombasa limeongezewa bolti za Isuzu, za trekta, za baiskeli, na nyingine ambazo zilichongwa na mkereza vyuma usiku wa manane ili mgonjwa afikishwe hospitali. Nawaheshimu mafundi hao. Bila wao gari lisingekuwepo la kufufuliwa. Lakini maana yake ni kwamba bolti uliyoikuta kwenye tundu si ushahidi wa bolti iliyostahili kuwemo.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza hufanywa kwenye tundu, bolti yenyewe baadaye. Hilo hufanyika kwa vyombo vitatu vya bei nafuu: venia kalipa ya kupima unene, geji ya uzi yenye majani ya digrii 55 na nyingine ya digrii 60, na msuwaki wa waya. Kama huna geji, weka rula juu ya bolti na uhesabu nyuzi zilizomo ndani ya inchi moja. Bolti ya inchi 3/8 yenye nyuzi 16 ni ya uzi mnene, 20 ni BSF, 24 ni UNF. Ya inchi 5/16 huwa 18, 22 au 24. Ya robo inchi ni 20, 26 au 28. Utaona kwamba uzi mnene wa Kiingereza na ule wa pamoja una hesabu sawa katika saizi hizo, tofauti ikiwa pembe tu. Ni kwenye nusu inchi ambapo wanaachana, BSW ikiwa na nyuzi 12 na UNC 13. Hapo ndipo watu huharibu. Mtu amezoea kwamba UNC huingia kwenye tundu la Whitworth ikibana kidogo, anafika kwenye bolti ya nusu inchi, anaona inabana, anaongeza bomba kwenye spana.

Kichwa cha bolti nacho husema, ukijua lugha yake. Spana za Whitworth haziandikwi upana wa kichwa bali unene wa bolti, kwa hiyo spana iliyoandikwa 5/16 ina mdomo wa inchi 0.600, karibu milimita 15.2, na ndiyo inayofungua bolti ya BSF ya 3/8. Spana ya milimita 15 haiingii, ya 16 inacheza na kuviringa kona. Kichwa cha UNF ya 3/8 ni inchi 9/16, yaani milimita 14.3. Ukikuta bolti mbili za unene mmoja upande mmoja wa gari, na kila moja inataka spana yake, usilaumu spana. Mmoja wa hao wawili ni mgeni.

Kuna uharibifu mmoja unaofanywa kwa nia njema kabisa: kupitisha tapu "kusafisha uzi". Tapu ya UNC ikipitishwa kwenye tundu la Whitworth la giaboksi ya alumini, itatoka na vumbi la kung'aa, na fundi ataona amefanya usafi. Vumbi hilo ni ukuta wa uzi. Safisha kwa msuwaki na mafuta ya taa. Ukitaka chombo, chukua bolti ya zamani ya saizi ileile, ikate mfereji ubavuni kwa tupa, uiviringe mle ndani taratibu. Uzi ukishakufa kwenye alumini, dawa nzuri ni kuchomeka koili ya waya inayorudisha saizi ya mwanzo. Kutoboa tundu kubwa zaidi na kuweka bolti nene ni kumwachia deni fundi atakayefuata.

Baada ya uzi huja nguvu, na hapa watu huenda kombo pande zote mbili. Bolti za milimita huandikwa kichwani namba mbili. Ya 8.8 ina maana kwamba chuma chake huvumilia kuvutwa kwa takriban kilo 80 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na huanza kurefuka moja kwa moja kikifika asilimia 80 ya hapo. Ya 4.6, ambayo ndiyo huuzwa kwa kilo kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, ina kilo 40 na huanza kurefuka kwenye asilimia 60. Bolti za inchi za Kimarekani hutumia mistari: mistari mitatu ni daraja la 5, jirani wa 8.8, sita ni daraja la 8, jirani wa 10.9. Waingereza walitumia herufi, R, S, T na V kadiri nguvu inavyopanda, S ikiwa tani 50 za Kiingereza kwa inchi ya mraba, chini kidogo tu ya 8.8. Vichwani mwa bolti za UNF na UNC za Kiingereza utakuta pia viduara vitatu vilivyoshikana, alama ya uzi wa pamoja. Ukiviona, umeokoa dakika kumi za kupima.

Faida ya namba hizi ni kwamba bolti haifanyi kazi kama msumari. Inafanya kazi kama springi: unaikaza, inarefuka kidogo, na hamu yake ya kurudi ndiyo inayobana vipande viwili pamoja. Bolti ya milimita 10 ya daraja 8.8 ikikazwa inavyostahili hubana kwa nguvu ya kama tani mbili na nusu. Ya 4.6, unene uleule, hufika kama tani moja. Kwa macho ni mapacha. Ikiwa sehemu ilitarajiwa kubanwa kwa tani mbili na nusu, ile ya 4.6 itarefuka, italegea, vipande vitaanza kusuguana, na utaambiwa kwamba barabara ndiyo mbaya.

Upande wa pili ni wale wanaosema weka 12.9 kila mahali, umalize kazi. Siafikiani nao. Chuma kigumu kiasi hicho kina tabia yake: kikipakwa zinki kwa umeme bila uangalifu, hidrojeni huingia ndani yake na bolti inaweza kukatika yenyewe siku chache baada ya kukazwa, gari likiwa limesimama. Isitoshe, bolti ngumu ndani ya alumini laini haikatiki. Inang'oa uzi wa kasha. Mhandisi aliyechagua bolti ya wastani kwa kifuniko cha giaboksi alijua kwamba bolti ni rahisi kubadilisha kuliko giaboksi.

Alama nazo zinaweza kudanganya. Marekani ilitunga sheria ya ubora wa bolti mwaka 1990 baada ya bunge lake kuchunguza bolti bandia zilizokuwa na mistari sita kichwani bila kuwa na chuma cha mistari sita. Ikiwa hilo lilitokea katika nchi yenye maabara kila kona, duka la spea lisilo na risiti linastahili tahadhari. Bolti ya kweli ya 8.8 huwa na namba na pia alama ya mtengenezaji. Isiyo na kitu kichwani, ikiwa mpya, ihesabu kuwa dhaifu. Ikiwa ni ya zamani, iliyotoka na gari, ni hadithi nyingine: bolti nyingi za enzi zile hazikuandikwa, na huenda ni chuma kizuri kuliko chochote utakachonunua leo. Iviringishe nati kwa vidole urefu wote. Ikipita laini na shingo haijasinyaa, ipake zinki upya uirudishe kazini. Usirudishe kamwe bolti za konrodi wala U-bolti za springi. Hizo zimesharefuka mara moja.

Jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita ni shingo, ile sehemu laini kati ya kichwa na uzi. Kwenye shakeli za springi, kwenye propela, kwenye mikono ya usukani, mzigo hauvuti bolti, unaikata kwa ubavu. Mahali pa kukatia panapaswa kuwa shingo. Maduka hupenda kuuza bolti zenye uzi mpaka kichwani kwa sababu zinafaa urefu wowote, lakini uzi ukikaa ndani ya tundu la shakeli hufanya kazi ya msumeno: unapanua tundu na wenyewe unapungua unene. Nunua ndefu kuliko unavyohitaji, yenye shingo ya urefu sahihi, kisha kata mkia wa ziada. Shakeli za Series zina mtego mwingine. Bamba moja lina tundu la kawaida na la pili lina uzi, kwa hiyo bolti hujifunga kwenye bamba kwanza, na nati ya nje huja kuilinda tu. Anayefikiri ni bolti ya kupita moja kwa moja hupiga nyundo mpaka uzi wa bamba unyooke.

Nalitilia mkazo hili la kupita moja kwa moja kwa sababu linajibu swali linalogombanisha watu kuliko yote: je, gari lihamishiwe lote kwenye milimita, ili bolti zipatikane popote? Jibu langu ni kwamba mahali ndipo panapoamua. Bolti inayopita kwenye matundu mawili matupu na kufungwa na nati yake haijali ukoo. Ukiweka ya milimita yenye nguvu sawa, unene unaojaza tundu na nati ya jamaa yake, gari halitajua tofauti. Bampa, bodi, mabano ya tangi, vyote hivyo hama ukipenda. Lakini tundu lenye uzi ndani ya blok, giaboksi, ekseli au bamba la shakeli limeshachagua mwenzi wake, na talaka yake ni ya gharama. Gari lenye sheria hiyo moja linaweza kuwa na bolti za mifumo mitatu na likawa salama.

Wapi pa kuzipata? UNF na UNC hazijatoweka kama watu wanavyolalamika. Nenda kwenye maduka ya spea za matrekta, kwa sababu Massey Ferguson za zamani zimefungwa kwa uzi huo, na kwa wauzaji wa vifaa vya mitambo ya Caterpillar, ambayo inatumia inchi mpaka leo. Pale utapata bolti zenye mistari kichwani na shingo ya kweli. BSF na BSW ndizo ngumu. Mara nyingi itabidi ziagizwe Uingereza, ambako bado zinatengenezwa kwa ajili ya wapenda magari na pikipiki za kale. Agiza mara moja kwa orodha, usiagize moja moja. Mkereza vyuma ni msaada wa mwisho, na swali la kumuuliza linahusu chuma, bei itafuata: anachonga kutoka kwenye nini? Bolti iliyochongwa kutoka nondo ni nondo yenye uzi. Hata akiwa na chuma kizuri, uzi uliokatwa kwa kisu cha lathe huchoka mapema kuliko ule uliobinywa kiwandani. Mpe kazi za bodi. Breki na usukani usimpe.

Limebaki la bolti zinazong'aa. Tangu chuma kisichoshika kutu kipatikane kwa urahisi, kila anayefufua gari hutamani kukiweka kote, na ukanda wa pwani ndio unaoshawishi zaidi. Chumvi ya Tanga au Mombasa hula zinki kabla hujamaliza kulipia rangi. Kwa bodi, nakubali. Mabati ya Land Rover ni ya Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi uliochaguliwa kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgao baada ya vita, na bolti ndogo isiyoshika kutu kwenye bati kubwa la alumini haileti madhara makubwa, mradi uweke washa ya nailoni na grisi kati yake. Unyeyusho mweupe unaokula mabati hayo hutokea hasa pale alumini inapolala moja kwa moja juu ya chasisi ya chuma, kwa hiyo mpira au rangi nzito katikati hufanya kazi kubwa kuliko bolti ya gharama. Kwenye springi, breki na usukani, sikubali. Ile ya kawaida, iliyoandikwa A2-70, huanza kurefuka kwenye kilo 45 kwa milimita ya mraba, wakati 8.8 inafika 64. Tena ina ugonjwa wa kung'ang'ania: ukiikaza haraka bila grisi, nati na bolti hushikana kama zimechomelewa, na hapo kifaa pekee ni grainda.

Vitu vidogo vya kufungia nitavitaja kwa haraka. Nati yenye pete ya nailoni ifungwe mara moja tu, na isikae karibu na egzosi, kwani nailoni huanza kulegea joto likipita kama nyuzijoto 120. Huko weka nati za shaba, ambazo hazigandi. Nati ya taji kwenye usukani haina maana bila pini mpya. Na kama kitabu kinatoa kipimo cha kukaza bolti kavu, ukiipaka grisi punguza, kwa sababu nguvu iliyokuwa inaliwa na msuguano sasa inakwenda kuivuta bolti.

Kuhusu wale wanaotaka kila kichwa cha bolti kiwe na alama ya mtengenezaji GKN kama siku gari lilipotoka Solihull: ni raha halali, na gari la maonyesho lina haki ya kupambwa. Lakini Land Rover nyingi zilizobaki kwetu bado zinakwenda shamba. Kwa hizo, bolti mpya ya trekta yenye mistari mitatu ni bora kuliko ya asili iliyosinyaa.

Kabla hujaanza kufungua, nunua daftari gumu na makopo ishirini. Kila bolti irudi kwenye tundu lake au iingie kwenye kopo lililoandikwa, hata ikiwa imekufa, maana iliyokufa bado ina urefu na shingo ya kunakili. Andika mahali ulipohamia milimita na mahali ulipobakiza BSF, ukurasa mmoja kwa giaboksi, mmoja kwa ekseli, mmoja kwa bodi. Siku ukiuza gari, daftari liende na funguo.